Mizani ya Saa Mbili

1

Walimleta muuaji wa kaka yangu saa moja na nusu asubuhi, amefungwa mnyororo nyuma ya punda wa chuma, na walitaka nimpime akili kabla hawajamuua.

Punda wale kiwanda kiliwanunua kwa kubebea majani ya chai kwenye miteremko. Wana miguu minne, hawana kichwa, na hawajui kwamba kinachoburuzwa nyuma yao ni mtu. Huyu aliteremka kutoka shamba namba tisa kwa mwendo wake uleule wa kila siku, akikata kona kati ya mistari ya chai, na Lwitiko, muuaji huyo, alizikata kona hizo kwa mgongo. Walipofika mbele ya maabara, shati lilikuwa limebaki kola. Ngozi ya mgongo ilikuwa imechunika yote, na ndani ya nyama mlikuwa na kokoto za barabara ya kiwanda.

Nilisimama mlangoni nikatazama. Niseme ukweli tangu mwanzo: nilifurahi. Gwamaka alikuwa amelala chumba cha maiti, kuta mbili tu kutoka hapo, shingo imekatwa hadi kwenye mfupa kwa panga la kupogolea, na mimi ndiye niliyemwosha. Kokoto zile niliziona chache.

"Mpimaji," aliniita Kamanda Bukuku, mkuu wa walinzi wa kiwanda. Alikuwa mwanaume wa miaka hamsini, viatu vinang'aa hata siku ya matope. "Pole na msiba. Mtu wako huyu hapa. Pima, tumalize."

Wachumaji wapatao mia mbili walikuwa wameacha vikapu wakaja. Ulikuwa msimu wa kupogoa, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na panga. Hakuna aliyekuwa ananitazama mimi. Walitazama juu ya mlango, kwenye ubao wa mwanga ambapo namba ya Lwitiko ingetokea. Ubao huo uliwekwa baada ya mpimaji aliyenitangulia kukamatwa akiuza namba. Tangu hapo mashine huongea na watu moja kwa moja, na mimi kazi yangu ni kuchoma vidole.

"Akisoma chini ya arobaini atapewa kesi," mtu alisema. "Atapewa na wakili."

"Asome wapi chini ya arobaini? Si alishasoma sitini na moja?"

"Basi aliyekatika akili akimwaga damu hana kesi. Ni ukutani."

Mbele yao wote alikaa Mama Tumsifu, juu ya kikapu alichokigeuza kiti, na mapajani ana ndizi za kuchemsha kwenye kitambaa. Kila Alhamisi huja nazo ili walinzi wampelekee mumewe bondeni, nyuma ya waya. Mumewe alisoma arobaini na tatu, miezi minane iliyopita. Kidole chake nilikichoma mimi, na yule mzee aliniambia pole kwa sababu mikono yangu ilikuwa ya baridi.

"Mwanangu," Mama Tumsifu aliniambia, "huyo umpime vizuri. Asikuponyoke."

2

Sheria ya kiwanda inampa mtu nusu saa ya kutulia kabla ya sindano, kwa kuwa moyo unaokimbia huchafua kipimo. Walinzi wawili walimfunga Lwitiko kwenye kiti cha chuma, mnyororo ukapita chini ya kiti mara mbili, wakatoka na kufunga mlango. Tukabaki mimi, yeye na mashine.

Nilimpiga kofi. Nikampiga la pili kwa mkono wenye pete, likamchana shavu. Hakukwepesha uso.

"Maji," alisema.

"Kaka yangu aliomba maji?"

"Hakupata muda."

Nilichukua mkasi wa kukatia bandeji. Sikuwa nimepanga kitu. Niliuona tu mkononi mwangu, ncha yake ikiwa chini ya sikio lake, pale mshipa unapopiga, na nikawa nafikiri kwa utulivu kabisa kwamba nikisukuma, maelezo yangu yatakuwa mafupi. Ningesema alinirukia, basi.

"Sukuma," alisema. "Ila kwanza niulize kwa nini."

"Umekatika. Waliokatika hawana kwa nini."

"Subilaga alipitisha mkono kwenye waya. Mke wangu. Kulikuwa na mchicha umeota upande wa pili, mchicha wa porini tu, na sisi kule chini ilikuwa siku ya nne hatujaletewa chakula. Mkono ulipita mpaka kwenye kiwiko. Kaka yako alikuwa hatua kumi. Aliuona mkono, akauona na mchicha. Akampiga risasi ya uso."

Nilitaka kumwambia ni mwongo. Lakini nilikumbuka Jumapili. Gwamaka alikuja kula kwangu, akanawa, akakaa, akasema, "Leo nimefyatua mmoja pale wayani," kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha, na mimi nikamwongezea mchuzi. Hilo ndilo nililofanya. Sikuuliza ni nani. Aliyefyatuliwa alikuwa namba, na namba hiyo niliitoa mimi.

Niliweka mkasi mezani. Nikamnywesha maji.

"Ndaga," alinishukuru kwa lugha yetu ya nyumbani, na maji yakamtoka mdomoni yakiwa mekundu.

"Ulisubiri muda gani?"

"Siku tatu. Nilihesabu zamu zake. Panga nililiokota kando ya waya, nikalinoa kwenye jiwe la kufulia, wenzangu wakidhani nafua."

Aliyekatika hasubiri siku tatu. Aliyekatika kweli husahau hasira yake kabla ya chakula cha mchana, nimewaona. Miaka sita iliyopita, homa ya ukungu ilipoisha, waliopona walianza kupotea njia za nyumbani kwao. Dereva mmoja wa lori alisahau breki ni ipi, akaingia kwenye foleni ya wachumaji, wakafa kumi na mmoja. Hapo ndipo mashine ilipoletwa, na watu waliipokea kwa vigelegele. Seli za ubongo zina nyuzi ndani yake. Seli ikiumia, vipande vya nyuzi huvuja hadi kwenye damu, na mashine huvihesabu. Chini ya arobaini u mzima. Zaidi ya hapo umekatika: hushiki panga, huendeshi, hulei, husemi mahakamani. Unashuka bondeni.

Wachumaji waliipa jina la mizani ya vichwa, maana jioni walipima majani na asubuhi wakapimwa wao.

Na mimi nilikuwa nimeshaijua siri yake. Niliijua tangu jana saa tisa alasiri, na nilikuwa sijamwambia mtu.

Sisi wa maabara nasi hupimwa kila mwezi. Mwaka jana nilijipima mwenyewe kabla ubao haujawashwa, nikasoma arobaini na saba. Nilikaa sakafuni. Kisha nikamwendea Gwamaka, naye akakunja mkono wa shati bila kuniuliza mara mbili. Tangu siku hiyo, kila alipotoka zamu saa nane mchana, mara moja kwa mwezi, alinipa kichupa cha damu. Damu yake ndiyo iliyokuwa ikisoma ishirini kwa jina langu. Damu yake hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikifungua mashine kila asubuhi, kwani mashine haikubali kazi mpaka ionjeshwe damu ya mtu anayejulikana kuwa mzima. Walinzi wote walijulikana kuwa wazima. Hawakupanga foleni na wachumaji. Walikuja mchana, wamemaliza zamu, wamekula. Mameneja vivyo hivyo. Kumi na nane, ishirini, ishirini na mbili. Nilidhani ni lishe.

Jana, nilipotoka kumwosha, kichupa chake cha mwisho kilinitoka mkononi kikapasuka. Damu ya kaka yangu ikasambaa sakafuni. Nilipiga magoti nikaifuta kwa kanga, nikizungumza nayo, nikiiomba msamaha, hadi nilipojisikia mwenyewe na kuogopa. Nikasema sasa ndiyo nimekatika kabisa. Nikachomoa waya wa ubao, nikajipima.

Kumi na tisa.

Nilijichoma vidole vyote vya mkono wa kushoto. Kumi na tisa, ishirini, kumi na tisa.

Ndipo nilipofungua kifuniko cha nyuma cha mashine. Maelekezo tunayoyafuata yamebandikwa ukutani, kwa Kiswahili safi na herufi kubwa: DAMU ICHUKULIWE SAA 2. Yale ya asili, ya kigeni, yamegandishwa ndani ya kifuniko ambako hakuna aliyewahi kuchungulia. Yana mchoro wa jua lililokwisha kupita utosini, na chini yake 14:00. Saa mbili mchana ya kwao. Saa nane mchana ya kwetu. Aliyetafsiri, awe mtu au mashine, alivusha tarakimu akaliacha jua. Na sisi, ambao tangu utotoni saa mbili ni kengele ya kazi, tungeuliza nini?

Ubongo hufagia takataka zake mtu akiwa usingizini. Kwa yeyote aliyewahi kuugua homa ile, asubuhi takataka zote ziko barazani, hata kama nyumba haina ufa. Ikifika mchana mwili umezizoa, na kinachobaki kwenye damu ndicho kinachovuja kweli. Mimi niliwapima asubuhi. Nimeshusha bondeni watu mia tatu na kumi na wawili kwa sababu ya saa. Wapo kati yao waliokatika kweli, ila sijui ni wangapi, na jana usingizi ulinikimbia kwa neno hilo moja, sijui.

Sasa huyu hapa, kwenye kiti changu. Nikinyamaza kwa dakika kumi zilizobaki, atasoma sitini, atapigwa risasi, Gwamaka atakuwa amelipiwa, na mimi nitaendelea kuwa mpimaji. Nikisema, aliyemchinja kaka yangu ataishi, na wote watajua nilichowafanyia.

"Unanitazama hivyo kwa nini?" Lwitiko aliuliza.

"Nyamaza."

3

Kengele ya kiwanda ililia saa mbili kamili. Bukuku aliingia bila kubisha hodi.

"Tayari?"

Sijui ni lini niliamua. Nadhani niliamua mdomo ukiwa umeshafunguka.

"Tusubiri mpaka saa nane mchana, Kamanda. Kipimo cha asubuhi ni cha uongo. Kimekuwa cha uongo miaka yote. Maelekezo yali—"

Alinishika kisogo akanibamiza uso mezani. Hakuwa na hasira. Aliniinua, akanibamiza tena, na safari hii jino la mbele lilivunjika nikalimeza. Kisha akaniinamia, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Dada yangu, una msiba, kwa hiyo sijasikia. Nje kuna watu mia mbili wenye mapanga. Ukiwaambia kipimo ni cha uongo, nani atalala kesho? Na waliokwisha kuzikwa kule chini, wewe utawafufua?"

Nililala pale mezani, damu ikinijaa kinywani, nikamwelewa. Hakuwa ameniuliza uongo gani. Huenda aliwahi kujiuliza mwenyewe ni kwa nini walinzi wake hawakatiki, akaona ni swali lisilo na faida.

"Pima," alisema.

"Mashine imefungwa. Damu ya kuifungulia imemwagika. Ilikuwa ya Gwamaka."

"Weka nyingine."

"Inataka ya mtu anayejulikana kuwa mzima."

Alicheka, akaanza kukunja mkono wa shati, taratibu, kwa mikunjo iliyonyooka. "Katika kiwanda hiki kuna anayejulikana kuliko mimi? Mwezi uliopita nilisoma kumi na nane. Chukua. Na uwashe ubao, watu waione namba ya mwanaume kabla ya namba ya mbwa huyu."

Kuanzia hapo sina wa kumlaumu. Alikuwa na bastola kiunoni, kweli, na mimi nilikuwa na jino tumboni. Lakini ningeweza kusema, hapana Kamanda, nawe uliugua homa ile, yako haitafaa sasa hivi. Kati ya yeye kukunja mkono na mimi kushika sindano kulikuwa na nafasi ya kusema maneno hayo, na nafasi hiyo ilikuwa ndefu. Nilijiambia nataka aone mwenyewe, akiona ataelewa. Nilijua pia kwamba ubao uko nje, na kwamba yeye atakuwa wa mwisho kuuona.

Lwitiko alikuwa ananitazama mikono. Kabla ya kushushwa bondeni alikuwa fundi wa wale punda, na fundi hujua mtu anapotega kitu.

Nikamchoma Bukuku kidole. Nikawasha ubao.

4

Mashine huchukua sekunde tisini. Nje walikuwa wanaimba wimbo wa kupogoa, ule wa kuitikiana, ila waliubadilisha maneno wakaliweka jina la Lwitiko mahali pa tawi. Halafu wimbo ukakatika, upande wa mbele kwanza, kisha nyuma.

Bukuku aligeuka dirishani. "Nini?"

Akafungua mlango, akatoka, akapiga hatua tatu hadi uwanjani, akageuka kutazama juu. Ubao ulikuwa umeandika: BUKUKU. 58.

"Mashine mbovu," alisema.

"Mbovu?" Alikuwa Mama Tumsifu. Aliweka ndizi zake chini kwa uangalifu, akainuka kwenye kikapu. "Mbona ilikuwa nzima siku ya baba Tumsifu?"

"Mama, kaa chini."

"Ilisoma arobaini na tatu. Tatu tu zaidi! Nilikupigia magoti hapa, hapa ulipokanyaga, nikakwambia Kamanda, mashine imekosea, huyu mtu anajua majina ya wajukuu wote. Ukaniambia mashine haikosei." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Wewe ni hamsini na nane. Toa hiyo bastola. Aliyekatika hashiki silaha, ni sheria yako."

Walinzi walitazamana. Wawili walikuwa na miaka chini ya ishirini na mitano, na sheria hiyo waliikariri kabla ya kupewa sare. Mmoja alinyoosha mkono. "Kamanda," alisema kwa adabu, "naomba bastola."

Bukuku alimpiga risasi ya tumbo.

Nilikuwa mlangoni. Niliona kijana akikaa chini, akishika tumbo kwa mikono miwili na kutazama kilichomo kati ya vidole vyake. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote, na nilisema neno sahihi, neno lenyewe la ukweli.

"Ni saa! Jamani, ni saa! Ni saa!"

"Ndiyo!" mtu aliitikia kutoka nyuma. "Saa yake imefika!"

"Saa yake imefika!" wakaitikia wote, kwa mdundo uleule wa wimbo wa kupogoa.

Alifyatua nyingine mbili. Mwanamke mmoja alianguka na kikapu chake. Baada ya hapo walimfikia, na panga la kupogolea limetengenezwa kukata tawi la chai gumu kwa pigo moja, kwa mshazari, karibu na shina. Hakuna aliyelazimika kufikiri. Ndiyo kazi yao, wanaifanya saa tisa kwa siku. Mama Tumsifu alikuwa wa kwanza. Alikata mkono wenye bastola. Nilisikia mfupa, kisha nikamsikia Bukuku akilia kwa sauti nyembamba, akimwita mama yake, akisema majina ya watoto wake mmoja mmoja, yote, kwa mpangilio wa kuzaliwa, ili wajue kwamba anakumbuka.

"Ni mzima!" nililia. "Msikilizeni, anakumbuka, ni mzima!"

Mtu alinisukuma kifuani nikaangukia ndani, mlango ukajifunga. Nilisikia sauti za mapanga kwa muda mrefu zaidi ya ilivyohitajika. Kisha nikasikia watu wakihema.

Lwitiko alikuwa bado kwenye mnyororo. "Ulijua," alisema.

Nilitapika, na jino langu likatoka.

5

Hawakuondoka. Nilidhani watakimbia, lakini walikaa uwanjani kwenye umande mpaka umande ukakauka, wengine wamejiinamia, wengine wakitazama ubao ambao bado uliandika 58. Walinzi waliokuwa hai waliweka bunduki zao ukutani kwa mstari. Majeruhi wawili niliwashona mimi. Kijana wa tumbo alikufa saa nne.

Saa tano nilitoka na kile kifuniko cha nyuma cha mashine. Niliwaonyesha jua, nikawaonyesha 14:00, nikawaeleza kuhusu usingizi na takataka za barazani. Niliwaambia kuhusu arobaini na saba yangu na damu ya Gwamaka. Sikuacha kitu. Nilitegemea wanikate na mimi, na nikasimama mahali pazuri pa kukatwa. Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja aliuliza kama saa nane ni ile ya kutoka kula, nikasema ndiyo. Akasema basi tungoje.

Tukangoja. Walinzi wawili walishuka bondeni kufungua lango kwa amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Saa nane kamili, mbele ya mlango uliofunguliwa, nilimshika Lwitiko mkono. Mama Tumsifu alikuwa amezileta funguo kutoka kwenye mkanda wa Bukuku, kwa hiyo mnyororo ulikuwa chini. Angeweza kwenda. Alikuwa amekaa palepale.

Aliongea kwa sauti ya chini. "Dada. Ukiweza, iandike arobaini na moja."

"Kwa nini?"

"Nikiwa nimekatika, basi lile halikuwa langu. Lilikuwa la ugonjwa. Nikiwa mzima, nilimchinja mtu nikimtazama usoni. Alinitaja jina, unajua? Alinifahamu. Nilikuwa namtengenezea punda wake."

Nilikuwa sijui hilo. Nilingoja chuki inirudie, na ilirudi, yote, ikakaa kifuani mahali pake. Nadhani itakaa hapo maisha yangu yote.

"Ulimchinja mtu," nilimwambia. "Aliitwa Gwamaka. Na yeye alimuua mtu, aliitwa Subilaga. Utalisema hilo mbele ya hakimu, na mimi nitakuwepo nisikie."

Damu ya kufungulia mashine ilikuwa yangu. Ubao uliandika: TUPOKIGWE. 19. Watu waliisoma. Nikamchoma Lwitiko, tukasubiri sekunde zetu tisini.

LWITIKO. 21.

Alifunika uso kwa mikono. Alilia kwa sauti kubwa, mbele za watu, bila haya, na nilimwonea huruma, na nilitamani bado ule mkasi.

Wengine walianza kupanga foleni. Hakuna aliyewaambia. Kutoka bondeni tuliona wa kwanza wakipanda, polepole, wakisimama mara kwa mara kutazama nyuma kama wanafuatwa. Nilichukua kalamu nene nikaenda ukutani, nikaikata ile 2 na kuandika 8.

Nilipogeuka, Mama Tumsifu alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha chuma. Mikono yake ilikuwa myekundu hadi kwenye viwiko, imekauka na kuanza kupasuka. Alikuwa anatazama njia ya bondeni, akimtafuta mtu mmoja kati ya wanaopanda, na aliniuliza bila kunigeukia.

"Mwanangu. Yule Kamanda. Angepimwa saa hizi, angesoma ngapi?"

Ningeweza kusema sijui. Mwezi uliopita nilimpima mimi mwenyewe, mchana.

"Kumi na nane, mama."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama mtu aliyeelekezwa njia. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipime na mimi."

Nililowesha pamba kwa spiriti nikaanza kumsafisha. Ilibidi nikifute kidole chake mara tatu, nikibadilisha pamba, ndipo nilipoweza kujua damu ipi ni yake.